Hadithi ya Usiku Mmoja na Hadithi ya Miaka

Nimepewa wasaa wa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo, nalo ni umbo la tamthilia za televisheni: ziko tamthilia ambazo kisa chake huanza na kwisha jioni ileile, kesho yake kikaja kisa kingine, na ziko nyingine ambazo kisa chake hukatwa vipande kikaendelea wiki hata wiki, mwaka hata mwaka, mpaka mtazamaji aliyeanza kukitazama akiwa kijana hujikuta akikitazama na wajukuu wake. Katika mabaraza yetu hapa Sydney, sawasawa na mabaraza ya kwetu, swali la kuwa ipi iliyo bora kati ya mbili hizi huzusha mjadala ambao aghalabu hauna mwisho. Na siku hizi naona walio wengi wameegemea upande mmoja, wakisema ya kwamba mfululizo ndio sanaa ya watu wazima, ilhali kisa kinachokwisha usiku mmoja ni burudani ya mtu aliyechoka. Kauli hiyo siikubali, na sababu zangu nitazieleza bila haraka, maana mji huu tunaokaa umeyapitia mambo haya yote tangu zama za redio.

Mzozo wenyewe ni mkongwe kuliko televisheni. Charles Dickens alipoanza kutoa habari za Bwana Pickwick mwaka 1836, alizitoa kwa vijitabu vya kila mwezi, navyo mwanzoni vilikuwa visa vya mabwana wanaosafiri huku na huku wakipatwa na vituko; lakini kadiri miezi ilivyokwenda visa vikaanza kushikana, mpaka wasomaji wakawa hawaulizi tena kituko gani kitafuata, ila yatamfika nini bwana yule waliyekwisha kumpenda. Toka hapo Dickens akawa bingwa wa kukatiza habari mahali panapouma. Miaka mingi baadaye wanawe wawili walihamia Australia, na yule mdogo, Edward, alichaguliwa mwaka 1889 kuwa mjumbe wa Wilcannia katika Bunge la New South Wales, akawa akikaa katika jumba lile lile la Macquarie Street ambalo wengi wetu hulipita tukienda hospitali au mahakamani, pasi na kujua kuwa mtoto wa baba wa mifululizo aliwahi kuketi humo.

Wa pili katika mzozo huo ni Arthur Conan Doyle, naye alipita hapa Sydney katika safari yake ya mwaka 1920 na 1921, akihutubia watu juu ya kuzungumza na roho za wafu, jambo ambalo liliwasisimua wengine na kuwachekesha wengine. Bwana huyu, alipoanza kuandika habari za Sherlock Holmes katika jarida la Strand mwaka 1891, alikuwa amefikiri kwa makini: aliona kuwa msomaji akikosa toleo moja la hadithi ya kuendelea, hamu yake hufa, na jarida nalo hupoteza mnunuzi, basi akaona afadhali amchukue mtu mmoja, awe yeye yule kila mwezi, lakini kila mwezi kisa chake kiwe kizima, chenye mwanzo na mwisho. Fikra hiyo nyepesi ndiyo iliyozaa nusu ya tamthilia za polisi na madaktari tunazozitazama leo.

Wala haikuishia Ulaya. Huko Unguja Muhammed Said Abdulla aliichukua akaifanya ya pwani, na kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, kikatuletea Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum. Aliyesoma *Kisima cha Giningi* kabla ya *Mzimu* hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa Bwana Msa huja mzima kila kitabu, akafumbua fumbo lake, akaenda zake. Na kabla ya Bwana Msa tulikuwa na Abunuwasi, ambaye leo amemtia Sultani aibu mbele ya mawaziri, kesho amekaribishwa tena baraza lilelile kana kwamba jana hapakuwa na lililotokea. Wala hakuna mtoto wa pwani aliyewahi kumwuliza bibi yake kwa nini Sultani hajifunzi.

Sasa, hadithi ya kuendelea yafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na kama nikiruhusiwa kuifananisha na jambo la nyumbani, nitaifananisha na duka la mkopo: mwenye duka hukupa leo nusu ya kitu, nawe huondoka ukiwa na deni la kurudi. Ubora wa muuzaji wa namna hii hutegemea mambo mawili, kwanza kwamba utarudi, na pili kwamba siku moja atakulipa kilichobaki. La kwanza karibu wote wameliweza. La pili ndilo lililowashinda wengi.

Hapa Sydney deni hilo lilianza kwa sauti kabla ya picha, nasi tulio redioni tuna haki ya kujivunia. Wakati wa vita, mwaka 1944, Shirika la Utangazaji la ABC lilitaka kuwafikishia wakulima wa mashambani maarifa mapya ya kilimo, na likaona kuwa mkulima hana subira ya kusomewa waraka. Likamwomba Gwen Meredith, mwanamke aliyezaliwa katika mji wa Orange, aandike mchezo juu ya familia moja ya shambani, ukaitwa *The Lawsons*. Mchezo huo ulipokoma, yeye yuleyule akaanzisha mwingine, *Blue Hills*, tarehe 28 Februari 1949, nao haukukoma mpaka tarehe 30 Septemba 1976, baada ya sehemu 5,795 za robo saa robo saa, ambazo aliziandika zote mwenyewe. Saa saba mchana, mezani, chakula kikiwa kinapakuliwa, redio ilikuwa ikifunguliwa, na nyumba ambazo jirani wa karibu alikuwa umbali wa maili kadhaa zikawa na jirani mwingine anayekuja kila siku kueleza ni nani aliyeposwa, nani anaumwa, na mvua imenyesha wapi.

Nawaombeni mlitafakari jambo hili kwa utulivu. Mtu akijaribu kusikiliza sehemu hizo zote mfululizo, bila kulala wala kula, zingemchukua siku sitini na ushei, na nina yakini kuwa kabla ya siku ya tatu angeomba msamaha. Lakini watu waliokuwa wakizipokea robo saa kwa siku hawakuchoka kwa miaka ishirini na saba. Tofauti iko wapi? Iko katika zile saa ishirini na tatu na dakika arubaini na tano zilizobaki, ambazo mkulima alikuwa nyuma ya ng'ombe wake na mkewe yuko jikoni, na kila mmoja wao akiyafikiria yaliyosemwa, na jioni wakibishana kama yule binti amefanya sawa au amekosea. Kinachoufanya mfululizo uwe mfululizo ni ngoja hiyo. Urefu wake ni matokeo tu. Mfalme Shahriyar naye, tukikumbuka vyema, hakusimuliwa Alfu Lela u Lela kwa pumzi moja: kila alfajiri hadithi ilikatwa, naye akaenda kuhukumu watu mchana kutwa huku kichwani mwake mna mvuvi na jini wake.

Jambo hili lilikuja kudhihirika kwetu pia. Redio Tanzania ilipoanza mchezo wa *Twende na Wakati* mwaka 1993, wenye habari za Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake katika kila kituo, mchezo ulirushwa nchi nzima isipokuwa eneo la Dodoma, ambalo kwa miaka miwili liliwekwa kando ili wataalamu walinganishe walioisikia habari na wasioisikia. Katika yaliyoonekana, wasikilizaji walikuwa wakizungumza wao kwa wao, mke na mume, rafiki na rafiki, juu ya uzazi wa mpango na juu ya maradhi ya UKIMWI, mambo ambayo zamani yalikuwa yakifichwa. Mkwaju alikuwa akitenda maovu yake kwa nusu saa, na nchi ikawa na siku kadhaa za kumjadili kabla hajarudi. Hotuba ya daktari, hata ingekuwa nzuri namna gani, ingemalizika na kusahauliwa kabla ya swala ya isha.

Televisheni iliingia hapa Sydney tarehe 16 Septemba 1956, na haukupita muda ila stesheni ya ATN ikajaribu mfululizo wake wa kwanza, *Autumn Affair*, mwaka 1958, ambao leo wanaoukumbuka ni wachache. Kilichovuma sana, na kuvuka bahari, kilikuwa ni kisa cha jioni moja, nacho ni *Skippy*, yule kangaruu wa Duffys Forest kaskazini ya mji, aliyeonyeshwa toka mwaka 1968 mpaka 1970 katika sehemu 91. Hapo sababu ilikuwa ya kibiashara tu, wala tusiitafutie falsafa: filamu inayosafirishwa kwenda nchi nyingi, ambako makasha yanaweza kufika yamepishana na mwenye stesheni akaonyesha ya kumi kabla ya ya pili, yafaa iwe na visa visivyotegemeana. Kwa hiyo Sonny, mtoto rafiki wa kangaruu huyo, alipotea porini, akaokolewa, na wiki iliyofuata akapotea tena bila hata kovu moja. Nawakubalia wapinzani wangu kuwa udhaifu wa umbo hili upo hapa: pasipo kumbukumbu hapana majuto, na mtu asiyejuta hawezi kukomaa.

Kisha ukaja mwaka 1972 na *Number 96*. Tarehe 13 Machi stesheni ya Ten ilianza kuonyesha habari za wapangaji wa jengo moja la ghorofa lililosemekana liko Paddington, ingawa jengo lenyewe lililopigwa picha kwa nje liko Woollahra, katika Moncur Street, na lingali limesimama. Usiku wa siku tano kila wiki nchi ilikaa kitako kuwatazama: mwanasheria Don Finlayson aliyekuwa akipenda wanaume wenzake, na ambaye waandishi walimfanya mtu mwungwana kuliko wote jengoni katika zama ambazo sheria ya New South Wales ilikuwa ingali ikiwafunga watu wa namna yake; mwenye duka la vyakula; wambea, wajane, walaghai. Namtaja Don kwa makusudi, maana hapa mfululizo ulifanya jambo ambalo kisa cha jioni moja kisingeliweza. Mtu huyo angetokea usiku mmoja na kutoweka, watazamaji wangemwona kuwa ni tatizo lililoletwa kujadiliwa. Lakini alipokuwa akirudi kila usiku, akikopeshana sukari na majirani na kuwatetea katika kesi zao, mazoea yalifanya kazi ambayo hoja haingeifanya.

Ila deni lilikuwa linakua. Kila siri ilipofichuliwa ilibidi izuliwe nyingine kubwa zaidi, na watazamaji walipoanza kupungua, mwaka 1975 waandishi walitega bomu katika duka lile la vyakula, likaua baadhi ya wahusika waliopendwa kabisa, wakiwamo mume na mke wenye duka. Kwa siku chache nchi yote ilizungumza hayo tu, kisha watu wakabaini kuwa wameporwa rafiki zao ili wavutwe kwa wiki mbili tatu, na wengi hawakusamehe. Mchezo ulikoma Agosti 1977, baada ya sehemu 1,218, na usiku wa mwisho waigizaji walijitokeza mmoja mmoja, hata wale waliokwisha kufa mchezoni, wakawainamia watazamaji kama wafanyavyo waigizaji jukwaani. Naona huo ulikuwa uungwana mkubwa, pengine ndio mwisho pekee uliokuwa wa kweli kwa hadithi isiyokusudiwa kwisha: kukiri kuwa visa vilikuwa visingizio tu, na kwamba kilichowaleta watu sebuleni kila usiku kilikuwa ni kuzoeana.

Mtazamo huu unathibitishwa na *Home and Away*, ambao nitaupita upesi kwa kuwa mnaujua. Stesheni ya Seven ilianzisha mchezo wa *Neighbours* kule Melbourne mwaka 1985, ikauacha mwaka huohuo, nayo Ten ikauchukua mwaka uliofuata ukawa mali. Seven, kwa uchungu wa kupoteza, ikatafuta wake, ukaanza tarehe 17 Januari 1988, ukiwa na makao yake Palm Beach, mwisho kabisa wa fukwe za kaskazini, ambako hata leo wageni waliotoka Uingereza husimama mbele ya jengo la waokoaji wakipiga picha kana kwamba wamefika Kaaba ya dini yao. Ray Meagher ameigiza Alf Stewart tangu siku ile ya kwanza. Wengi wenu mnaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee mmeona yanayotokea inapogonga saa moja usiku: viti vinasogezwa, sauti inaongezwa, na ajuza ambaye hawezi tena kukumbuka amekula nini mchana anamwona Alf kiooni, anatabasamu, anamtaja kwa jina. Yaliyotokea jana katika mchezo hayajui, wala hayamshughulishi. Umbo tunaloambiwa ni la wenye kumbukumbu ndefu, mpenzi wake mwaminifu kabisa ni mtu aliyepoteza kumbukumbu.

Nimeacha kwa makusudi ule ambao kwa maoni yangu ulishinda yote kwa busara ya umbo, nao ni *A Country Practice*. Uliandaliwa na James Davern kwa ajili ya stesheni ya Seven, ukaonyeshwa toka mwaka 1981, na picha zake za nje zilipigwa Pitt Town, pembezoni mwa Sydney upande wa mto Hawkesbury, mji huo mdogo ukajifanya bonde la Wandin. Desturi yake ilikuwa hii: kila wiki ulikuwa na jioni mbili, na jioni hizo mbili zilikuwa na kisa kimoja kamili, kilicholetwa na mgeni, mkulima anayelewa, mtoto aliyepigwa, mzee asiyetaka kukatwa mguu; kisa kikaanza jioni ya kwanza na kumalizika ya pili. Lakini chini ya kisa hicho, polepole kama maji ya kisima, maisha ya daktari na muuguzi na polisi wa kijiji yalikuwa yakiendelea, watu wakioana, wakizaa, wakizeeka. Aliyekosa wiki nzima hakupotea, na aliyefuata kwa miaka alipata ziada yake. Ngoja ilikuwa ya usiku mmoja, deni lililipwa kesho yake, na bado nyuma yake palikuwa na deni refu ambalo hakuna aliyelidai kwa pupa.

Ndipo walipomwua Molly, mmoja wa wahusika wa mchezo ule. Mwigizaji wake, Anne Tenney, alitaka kuondoka, na waandishi wangeweza kumsafirisha au kumpiga gari kama ilivyo ada. Badala yake walimpa saratani ya damu, wakamwacha augue kwa wiki kadhaa mbele ya macho ya watu mwaka 1985. Jioni ya mwisho amekaa bustanini, amefunikwa, anamtazama mumewe Brendan na binti yao mdogo Chloe wakirusha tiara uwanjani. Tiara inapanda, mtoto anacheka. Kisha picha, ambayo ni macho ya Molly mwenyewe, inaanza kufifia, Brendan anageuka, anamwona, anakimbia kuja huku akiita, na kioo kinakuwa cheusi kabla hajafika. Nimezungumza na Waaustralia wa makamo wasiokumbuka hata kisa kimoja kati ya mamia ya visa vya mchezo ule, lakini tiara ile wanaikumbuka, na wengine hawawezi kuisimulia bila kunyamaza kidogo. Kifo kile kilikuwa na uzito kwa sababu waandishi walikuwa wamelipa madeni madogo kila wiki kwa miaka. Walipokopa kikubwa, waliaminiwa.

Sasa nafika kwenye ushahidi wangu wa mwisho, nao ndio unaonifanya niikatae ile kauli ya kuwa kisa cha jioni moja ni kitu dhalili. Redfern mnaijua: dakika chache kwa miguu toka stesheni kuu ya Central, mtaa ambao kwa wenyeji asilia wa nchi hii ni kama mji mkuu wao mjini. Tarehe 1 Novemba 2012 ABC ilianza kuonyesha *Redfern Now*, tamthilia ya sehemu sita iliyoandikwa na kuongozwa na wenyeji asilia wenyewe, Rachel Perkins, Wayne Blair, Leah Purcell, Catriona McKenzie na wenzao, wakisaidiwa katika kupanga visa na Jimmy McGovern, Mwingereza ambaye alikuwa amekwisha fanya jambo kama hilo juu ya barabara moja ya kwao. Kila jioni nyumba moja. Kila jioni kisa kizima. Na mtu uliyemwona leo yumkini usimwone tena, isipokuwa akipita nyuma ya picha amebeba mfuko wa sokoni.

Katika kisa kimoja kijana wa miaka kumi na sita, Joel, amepata nafasi ya kusoma bure katika shule ya matajiri. Kwa nyumba yao ni kama mlango wa mbinguni umefunguka. Siku za mwanzo, ukumbini, wimbo wa taifa unapigwa, shule nzima inasimama, yeye anabaki kitini. Hakupiga kelele wala hakutoa hotuba. Amekaa tu, mabega yamenywea ndani ya koti jipya la shule ambalo bado halijazoea mwili wake, na wenzake wanamtazama kwa chini. Saa nzima inayofuata ni ya uzito wa kukaa huko: mkuu wa shule, familia inayoona nafasi ya mtoto wao ikiponyoka, mtaa unaosema. Lau kisa hiki kingekuwa mfululizo wa miaka, Joel angesimama wiki moja na kukaa nyingine, angependa binti, angepotelewa na kumbukumbu katika ajali, na ule uamuzi wake ungekuwa tukio moja kati ya matukio elfu. Na lau kingekuwa cha namna ya *Skippy*, wiki ya pili angekuwa amesimama kama wengine. Kwa kuwa kisa kinakwisha na Joel harudi tena, alichokitenda kimebaki kimetendwa, na mtazamaji ndiye anayebaki nacho.

Kwa hiyo tunapogawa tamthilia mafungu mawili twakosea hesabu, maana fungu hili la jioni moja lina namna mbili ndani yake zisizofanana hata kidogo: ile ya shujaa anayerudi kila wiki akiwa hajaguswa na lolote, na ile ya mtu anayetujia mara moja tu, akabadilika mbele yetu, akaondoka. Wanaodharau visa vifupi huwa wanaifikiria ya kwanza na kuihukumu ya pili bila kuisikiliza.

Na huo mfululizo wenyewe wanaousifu, je, ungalipo? Mwaka 2015 huduma ya Stan ilifunguliwa nchini Januari, na Netflix ikafuata Machi, na toka hapo tumezoea kuletewa sehemu kumi zote siku moja, tukazitazama kwa usiku mmoja au miwili huku macho yakiwa mekundu. Sikatai faida yake. Mtu mwenye zamu ya usiku katika ghala la Eastern Creek hawezi kuamriwa na stesheni awe nyumbani saa mbili na nusu. Sasa anatazama apendapo, na hilo ni haki yake. Lakini ngoja imeondolewa, na ngoja ndiyo iliyokuwa kiini. Asubuhi, katika gari moshi kutoka Parramatta, zamani ungeweza kumwuliza jirani yako ameonaje ya jana. Leo ukiuliza, mmoja yuko sehemu ya pili, mwingine ya nane, wa tatu ameziba masikio asije akaharibiwa utamu. Kilichobaki ni filamu ndefu ya saa kumi iliyokatwa vipande bila sababu, na mara nyingi saa nne kati ya hizo ni za kujaza chungu.

Nawageukia basi ndugu zetu wanaoandika tamthilia za Kiswahili, Dar es Salaam na Nairobi na Mombasa, ambao kazi zao twazifuata kwa simu tukiwa huku mbali. Mwaka 1987 Wakenya walitoka barabarani mapema ili wawahi *Tushauriane*, na ngoja ile ilikuwa na maana. Na *Vioja Mahakamani* umeonyesha kwa miongo kadhaa kuwa kesi moja ya nusu saa, ikihukumiwa palepale, huweza kuwachekesha watu na kuwakanya. Leo naona karibu kila anayepata kamera anaanzisha mfululizo usio na mwisho, watu wanarithishana jumba na kutiliana sumu kwa misimu sita, na mwandishi hajui zaidi ya mtazamaji hadithi inakwenda wapi. Iandikeni, kwa kuwa watu wanaipenda na waigizaji wanapata riziki. Ila walipeni watazamaji madeni madogo njiani, kama walivyofanya wale wa Pitt Town. Na kando ya hayo, japo mara moja kwa mwaka, tupeni visa sita vya mtaa mmoja, Kariakoo au Majengo au Mji Mkongwe, kila kimoja cha saa moja, kila kimoja cha nyumba yake, na kila kimoja kikome.